Siku Chemchemi Ilipogeuka Kijani

Vijana wangu wa ghorofa ya tatu, tangu siku ile mliponikatia keki ya kuniaga hamjaniacha nipumue. Kila anayepiga simu anataka nimwandikie "ile ya maji". Haya. Leo nimekaa barazani kwangu Naguru, miguu juu ya kigoda, chai ya tangawizi mkononi, hakuna bosi wa kuniuliza ripoti iko wapi, na furaha niliyo nayo haina adabu hata kidogo. Nitaandika. Ila siwezi kuanza na maji kabla sijawaambia jinsi mtoto wa kambi ya polisi alivyoingia katika kazi ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira, maana bila hilo hiyo ya maji haina kichwa wala miguu.

Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi, mlima huu huu. Baba alikuwa konstebo, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za wakoloni. Nyumbani bibi aliongea Kinubi, na sisi wengine tuliongea Kiswahili cha kambi: ndicho tulichoombea chumvi na ndicho tulichochapiwa. Shuleni nilikificha. Mnajua wenyewe Kampala ilivyo. Mtu akisikia Kiswahili anatazama kwanza kama kuna bunduki. Nikiteleza neno moja darasani, wenzangu walijitupa chini ya madawati kwa mzaha na kuinua mikono. Basi nikajifunza kukiweka mfukoni. Ofisini Kiingereza, sokoni Luganda, Kiswahili kikabaki cha kuzungumza na baba na cha kugombana na ndugu zangu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta meza moja ya watu wawili na sheria mpya kabisa ambayo hakuna aliyejua aishike upande gani. Sheria ilisema kila mradi mkubwa ulete ripoti ya tathmini, nasi tuisome na kuamua. Kusoma tulijua, kuamua ndiko kulikotushinda. Bosi wetu wa wakati ule alikuwa na njia yake: aliipima ripoti kwa mkono. Ripoti nene ilipita haraka, ripoti nyembamba ilirudishwa ikanenepe. Washauri waliligundua hilo mapema, na baada ya muda mfupi hata kituo cha mafuta kilikuja na ripoti ya kubebwa na watu wawili.

Ndipo wafadhili walipotuonea huruma. Serikali ya nchi moja ya baridi iliamua kutujengea uwezo. Tukaletewa magari, kompyuta, mashine ya kupima maji ambayo kipuri chake kilipatikana katika mji mmoja tu duniani, tena mji usiopokea simu, na orodha ndefu ya maswali ya kuulizia kila mradi. Orodha ilitungwa huko huko kwao. Swali moja lilitaka kujua kama mradi utaziba njia za wanyama wakati wa theluji. Tuliweka alama ya "hapana" kwa miaka, kwa moyo mweupe kabisa, na nakiri kwamba hakuna swali nililolijibu kwa uhakika zaidi.

Pamoja na vitu hivyo vyote tuliletewa mtu. Aliitwa Henrik, mrefu, mabuti yake makubwa, miwani ikimteremka puani. Mtu fulani huko kwao alikuwa amesoma mahali kwamba Uganda iko Afrika Mashariki, basi kabla ya kumpandisha ndege wakamfundisha Kiswahili miezi na miezi. Na alikijua! Kiswahili safi, cha vitabuni, kila neno limekaa na ndugu zake. Akashuka Kampala na hazina yake hiyo, akakuta hana wa kumwambia. Ofisi nzima walimjibu kwa Kiingereza na kumtazama kwa wasiwasi. Bosi akauliza nani anayekijua, wote wakageuka kunitazama mimi, binti wa konstebo, na tangu siku hiyo nikawa mwenzake wa safari. Shahada yangu ya elimu ya viumbe haikuuliziwa.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa sokoni, bonde moja la chini lililopangiwa kujengwa mtaro. Tulitakiwa tuwasikilize wafanyabiashara. Henrik hakutaka mkalimani. Alijisafisha koo, akatabasamu, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye matoke, "Ndugu zangu, tafadhali kaeni chini."

Sasa ninyi mnaosoma mkiwa mbali na Kampala, sijui mlifundishwa nini. Hapa kwetu hayo maneno mawili ya mwisho ni ya msako. Ndiyo yanayosemwa na askari kabla vitambulisho havijakaguliwa. Soko zima lilikaa. Walikaa kwenye tope, mikono magotini, vitambulisho nje. Mwanamke aliyekuwa akigeuza chapati alikaa na mwiko wake, chapati ikiungua. Na kutoka nyuma ya kibanda akaja mzee mmoja mikono juu, akakiri habari za jerikeni la waragi, gongo la magendo, ambalo hakuna aliyemuuliza. Henrik alifurahi mno. Aliwashukuru, akafanya mkutano mzuri wa watu waliokubali kila kitu.

Ndani ya gari akaniambia hajawahi kuona jamii iliyo tayari kushirikishwa kiasi kile. Nikamweleza. Tukapita taa za kwanza, tukapita taa za pili, kisha akapasuka kicheko mpaka miwani ikaangukia miguuni pa dereva. Kesho yake tulirudi pale, akaomba radhi kwa Luganda ya kuokoteza, na akanunua chapati nyingine. Nilimpenda mzungu yule kuanzia hapo, na nasema hivyo bila haya, mume wangu alijua na alicheka pia.

Kazi yenyewe nilijifunza kwake. Alinifundisha kwenda kwa miguu na kunusa. Alinifundisha nisome ripoti kuanzia katikati, kwa sababu mwanzo na mwisho huwa vimevaa suti. Lakini kubwa kuliko yote ni desturi yake moja ambayo nyinyi mnaiita "mkono wa mwenye mradi". Kipimo chochote kitakachozua ubishi, alisema, tusikifanye sisi. Afanye mwenye mradi, kwa mkono wake, huku wanaompinga wakitazama. Sisi tusimame pembeni tushike kofia zetu.

Halafu muda wa mradi ukaisha, maana uwezo nao hujengwa kwa tarehe. Wakaja watathmini wawili kutathmini kama sisi watathmini tumejengeka. Tukasema ndiyo, wakaandika ndiyo. Henrik akafunga mabuti yake kwenye sanduku. Kwenye uwanja wa ndege alinipa kopo la rangi ya kijani ya unga, ile ya kufuatilia maji yanakopita chini ya ardhi, isiyodhuru mtu, pamoja na kijiko kidogo kilichofungwa kwa uzi. Akasema ipo siku nitaihitaji. Magari yalizeeka, kompyuta zikafa moja moja, na ile mashine ya maji ikawa mahali pa kuwekea birika. Kopo nililiweka kabatini.

Miaka ikapita, ndipo ikaja ripoti ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Ilikuwa ripoti ya kupendeza, picha za rangi, karatasi ya kuteleza. Kampuni ilitaka kujenga kwenye mteremko wa bonde lililo kati ya Nsambya na Kibuli, na shimo la maji machafu lilikuwa limeshachimbwa kabla hata ya ruhusa. Mnajua kilichomo kwenye betri: tindikali, na madini ya risasi yanayoharibu akili za watoto taratibu, bila kelele. Chini ya mteremko palikuwa na chemchemi. Ripoti ilisema haina shida, maji ya ardhini pale yanaelekea upande wa reli, mbali na chemchemi. Ikasema pia wananchi wameshirikishwa na hakuna pingamizi.

Mwenzangu Kizito, mtaalamu wa miamba, aliisoma akakuna kichwa. Hakuona ni nani aliyepima huo mwelekeo, wala kwa kipimo gani. Lakini bosi mpya alikuwa na haraka. Wakubwa walikuwa wakimpigia simu kuhusu kiwanda, na wafadhili nao walikuwa wamerudi mjini, wakifikiria kutusaidia tena, ila safari hii walitaka waone shauri moja tulilolimaliza wenyewe, bila mgeni kutushika mkono. Bosi aliona hili la betri limeshaiva: tutie sahihi, twende tukapige picha. Nikamwomba siku chache.

Tulishuka bondeni mimi na Kizito. Chemchemi ilikuwa na mabomba mawili kwenye ukuta wa mawe, foleni ya majerikeni, na pembeni mwanamke aliyekuwa akifua mashuka kwa nguvu kama anamdai mtu. Aliitwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, na kufua ndiyo iliyokuwa kazi yake: mashuka ya nyumba za wageni, kanzu za wazee wa Kibuli, majoho ya kwaya. Nilimsalimu kwa Luganda, akajibu kwa heshima na baridi. Nikamuuliza kuhusu mkutano wa kampuni. Akasema waliitwa, wakakaa, watu wa kampuni wakaongea Kiingereza, wao wakapewa soda, wakatia sahihi ya kupokea soda.

Hapo nikakitoa Kiswahili mfukoni. Alisimama ghafla, povu likimchuruzika mikononi, akaniuliza kama mimi ni askari. Nikasema ni mtoto wa askari, si kitu kimoja. Akacheka kidogo, akaanza kuniita Afande, na hilo jina ndilo mlilonikuta nalo ofisini. Nikamweleza kiwanda ni cha nini. Kicheko kikaisha.

"Hii maji njo tunakunywaka," akasema kwa Kiswahili cha Kongo, "njo" mahali pa "ndiyo" yetu. "Njo inalipaka nyumba. Ikikufa, tuende wapi tena? Sisi tulishatembeaka ya kutosha, Afande."

Sikulala vizuri baada ya hapo, na sikuwa na lingine kichwani. Kama maji ya shimo yangefika kwenye mabomba yale mawili, bonde zima lilikuwa limekwisha, na sisi ndio tungekuwa tumetia sahihi. Nikafungua kabati, nikatoa kopo.

Tulitangaza kwa kila njia. Msikiti wa Kibuli ulitutangazia kwa kipaza sauti, kanisani Nsambya padri akatangaza baada ya misa, na Mama Furaha akapita nyumba kwa nyumba. Tulisema rangi kidogo, narudia, kidogo, huenda ikaonekana kwenye maji, haina sumu, watu waweke akiba ya maji ya kunywa. Wanawake wa bonde wakajipangia zamu ya kukaa kando ya chemchemi usiku na mchana ili mtu yeyote mwenye hila asisogee na ndoo ya rangi.

Kisha tukamwita injinia wa kampuni pale shimoni, atie rangi mwenyewe, tuone kama itatokea chemchemini. Alikuja kijana mtanashati, viatu vyeupe, akijiamini mpaka anapendeza. Nikamkabidhi kopo na kijiko, kwa desturi ya Henrik. Maelezo ya kipimo yaliandikwa kwa lugha ya kina Henrik, kwa hiyo hakuna aliyeyasoma, lakini Kizito alikumbuka ni kijiko kimoja cha kusawazishwa. Injinia akakitazama kijiko kwa dharau.

"Weka yote," akasema. "Kesho mutasema irikuwa kidogo."

Kizito akanitazama. Ningeweza kumzuia, lakini mkono ulikuwa wake na mradi ni wake, na ukweli ni kwamba Kizito naye, malezi yake ya Kiganda yakimsumbua, aliona aibu kumwandalia mgeni kijiko kimoja. Injinia akamimina kopo lote shimoni. Akalisuuza. Akalipiga makalio lisibakie na chembe. Lori la maji likamwaga lita zake juu ya rangi, naye akapangusa mikono, akatuaga.

Siku iliyofuata, hakuna kitu. Iliyofuata tena, hakuna. Injinia alipiga simu kuniulizia hali kwa upole unaokera. Bosi alishaandaa kalamu. Mimi nikaanza kufikiri labda ripoti ilisema kweli, na nikajishangaa kwamba sikufarijika. Ndipo mvua ikanyesha, ile ya Kampala inayonyesha kama imetukanwa, na Ijumaa asubuhi simu ikalia. Mama Furaha hakunisalimu. Alisema tu, "Afande, kuja. Kuja mbio."

Tulipanda boda boda moja, dereva, mimi, na Kizito nyuma akinishika mabega na kuomba kwa sauti. Tulipokata kona ya mwisho, dereva mwenyewe akafunga breki.

Jamani. Kijani! Si kidogo. Mabomba mawili yalikuwa yakitema maji ya kijani kinachowaka, ungeweza kuyasomea gazeti. Mtaro ulikuwa kijani kutoka ukutani hadi ulikopotelea. Mbuzi alikuwa na kidevu cha kijani. Watoto walikuwa wameshajipaka na kuonyeshana ndimi. Mhubiri mmoja alisimama juu ya jiwe akieleza maana yake, na bado hajaamua ni baraka au ni onyo. Na kwenye kamba, katika jua la asubuhi, zilining'inia kanzu za wazee wa Kibuli, zilizofuliwa alfajiri kabla kiza hakijaisha, zote kijani, zikingoja sala ya Ijumaa.

Nilianza kucheka na sikuweza kuacha. Kizito alishika ukuta. Wanawake wa zamu walipiga vigelegele, wakicheza, wakininyunyizia, nami nikinyunyiza, mtumishi wa serikali mwenye kitambulisho shingoni. Tulikuwa sahihi! Maji ya shimo yalikuwa yamekuja moja kwa moja hadi kwenye bomba, na sisi ndio tuliojua kuyauliza, bila gari, bila mashine, bila mtu wa kutoka nje. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini, na watoto wangu watanisamehe, hata nyumbani ni mara chache.

Injinia akafika, akasema kuna aliyemwaga rangi pale pale chemchemini. Wanawake wa zamu wakamwambia majina yao mmoja mmoja, na saa alizolinda kila mmoja. Akasema basi imemwagwa nyuma ya ukuta. Akapanda mawe na viatu vyake vyeupe ili aone, akateleza, akakaa ndani ya maji. Alipoinuka alikuwa kijani kutoka kiunoni kwenda chini. Sitaki kumcheka zaidi ya hapo, lakini nilimcheka sana siku ile. Na hata yeye, mwishowe, alijitazama akatikisa kichwa na kutabasamu, na hakubisha tena.

Kanzu tulizifua upya mimi na Kizito kwa mikono yetu, kwa maji ya dukani, na jua likamalizia. Mzee mmoja wa Kibuli alikataa yake isafishwe. Alisema rangi haina ubaya wowote, shida ni kwamba imeshika vipande vipande, na kama tungeweza kuikamilisha angeshukuru.

Wafadhili walipofika waliuliza tulitumia kifaa gani. Kizito akawaonyesha kijiko. Wakauliza ujuzi huo tuliupata kwenye semina ipi.  Bosi akajibu kwa niaba yetu, jibu refu, wakaandika lote. Lakini namsifu bosi kwa jambo moja: simu za wakubwa ziliendelea kulia, naye alizunguka ofisini kwake siku mbili akishika tama, kisha akatuita, akatia sahihi chini ya pendekezo letu, na akaniambia mimi ndiye nitakayelitangaza bondeni, kwa lugha ya kule.

Siku hiyo bonde lilijaa. Kampuni walikuja, bosi alikuja, wafadhili walikuja na viti vyao vya kukunja. Hakuna aliyejua tumeamua nini. Watu walisukumana, walipigana vikumbo, kila mmoja akiuliza, na mimi nimesimama juu ya lile jiwe la mhubiri na sauti yangu haifiki popote. Nikavuta pumzi, na kabla sijafikiri, ikatoka sauti ya baba yangu.

"Kaeni chini."

Walikaa wote. Bonde zima, kwenye tope. Injinia alikaa. Kizito alikaa, na suruali yake mpya. Bosi alichuchumaa. Wazungu, ambao walikuwa wameshakaa, wakazidi kujikunja. Ningecheka, lakini mtu mmoja alikuwa amebaki amesimama kando ya mabomba, mikono imefungwa kifuani, mikunjo ya maji ya sabuni bado vidoleni.

"Mimi sikai, Afande," Mama Furaha akasema. "Askari walishanikalishaka chini mara mingi. Hii nitaisikia nikiwa nasimama. Sema."

Karatasi ilikuwa mkononi. Ilikuwa na vifungu na marejeo ya sheria, na nilikuwa nimeitafsiri usiku kucha kwa Kiswahili cha Henrik. Sikuisoma. Nilimwambia yeye, kwa sauti yangu mimi, kwamba kiwanda hakijengwi hapa, shimo linafukiwa, na maji yanabaki yao.

 Mama Furaha alikunjua mikono yake kifuani, akainama, akakinga kwa viganja maji yaliyokwisha kutakata, akanywa. Nyuma yake mtu mmoja akainuka kutoka topeni, kisha mwingine, kisha mstari mzima, kisha bonde lote. Sikumwambia mtu asimame. Walisimama wenyewe.